Jozi Sita za Bi Meeta

Rannaniidi, 9 Novemba

Reelika, mke mwenza wa bibi yako,

Nianze na habari njema. Babu yako ndiye mfumaji bora kuliko wote kisiwani. Wanawake wakiniona napita wanaficha sindano zao chini ya aproni kwa aibu. Juzi nimefuma soksi nzima huku nimefumba macho, na kisigino kikakaa sawa kama yai.

Haya, uongo. Sijashika sindano ya kufumia tangu mama yangu anizae. Kazi yangu kwa miaka hamsini na saba ni kukaa kwenye kigoda nimenyoosha mikono miwili kama kitu cha kuanikia nguo, bibi yako akizungushia uzi wake wa sufu, na nikipiga chafya napigwa kwenzi. Ila mtu aliyeishia darasa la nne akiandika barua lazima aanze na kitu kitamu, maana kinachofuata ni kichungu.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu iko ukutani juu ya kitanda cha bibi yako, na masikio yake ni mazima kuliko yangu.

Jumanne alikuja Aune wa maktaba na kile kibao chake cha kioo. Hata viatu hajavua. "Bi Meeta, umekuwa mtu mashuhuri! Dunia nzima inafuma glavu zako!" Akamwekea mapajani. Bibi yako akavaa miwani. Kulikuwa na mtoto mchanga wa Kanada kavaa zile glavu zetu nyeusi na nyeupe. Kulikuwa na kijana na mpenzi wake, mmoja kavaa ya kulia, mwingine ya kushoto, wanacheka. Halafu mtu mwingine kaufuma mchoro ule ule duara kubwa, kaufanya kifuniko cha birika la chai.

Bibi yako akauliza, "Nani kawapa?"

Aune akasoma jina. Lako.

Sasa nisikilize. Zile glavu za kidole gumba kimoja ulizozikuta kwenye kasha kiangazi, ukazipiga picha ukisema "Bibi, nzuri hizi," hazikuwa zawadi za Krismasi. Ni za wachukuzi. Kwetu mtu akienda anabebwa na watu sita, na kila mmoja anapewa jozi aliyoifuma marehemu mwenyewe angali hai. Wanazivaa pale pale mlangoni, wanabebea jeneza, na baada ya hapo ni zao. Kila nyumba ina mchoro wake wa siku hiyo, na kabla ya siku hiyo hauvaliwi na mtu anayepumua. Hakuna aliyekwambia kwa sababu mambo haya hayasemwi mbele ya mtoto. Tulikuwa tukingoja ukue, na ulipokua ukaenda Tampere, huko Ufini.

Amemaliza jozi nne. Zimebaki mbili. Tangu Jumanne hajagusa sindano. Nikamwambia, "Mama, malizia basi." Akajibu, "Nimalizie nini? Nguo za birika?" Na mtu wa kisiwa hiki kubebwa na mikono mitupu, hiyo aibu haiishi, hata paka wa jirani wataijua.

Usidhani anaumwa. Kikohozi tu. Wanawake wazee wanajipanga mapema, kama wale wanaofunga mizigo siku tatu kabla ya feri. Wewe kifute tu hicho kitu, naye atarudi kazini.

Babu yako mwenye sura nzuri,
Kaljo


Tampere, 21 Novemba

Shikamoo Babu,

Barua yako nimeisomea kazini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikashindwa kutoka. Siku nzima naosha wazee wa watu wengine, nawachana nywele, nawaambia "inua mkono, bibi." Na bibi yangu mwenyewe nimemfanyia hivi.

Lakini Babu, niache nijitetee kidogo. Mwaka wangu wa kwanza hapa sikuwa na mtu. Nikitoka kazini nilikuwa naongea na jokofu. Ndipo nikapata hilo kundi la wafumaji mtandaoni. Mama mmoja wa Ureno, Graça, alinifundisha kupitisha uzi shingoni kama wanavyofanya kwao, kwa kunirekodia mikono yake tu, sura yake sijaiona hadi leo. Siku niliyoandika kwamba tangu Pasaka sijala meza moja na mtu, watu arobaini walinijibu. Arobaini! Kule Rannaniidi ukimwomba Bi Salme akuonyeshe kisigino chake, anageuza kiti akupe mgongo. Huku mtu hajui jina lako na anakupa kila anachokijua. Kwa hiyo nami nikawapa kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Nilikuwa najisifu kwa ajili yake. Nilitaka watu waone mikono ya Bibi.

Nimefuta. Ila watu elfu tatu walishauchukua mchoro, na maji yakimwagika hayazoleki.

Kuna jambo jingine, afadhali nikiri sasa. Karibu na kidole gumba palikuwa na vitanzi saba vilivyokaa kombo, vyeusi mahali pa vyeupe. Kila aliyeona picha akasema ni kosa. Nami nikadhani ni macho ya Bibi, uzee. Nikalisahihisha kabla ya kuutoa mchoro. Picha za mwanzo sinazo tena.

Babu, ni kikohozi tu kweli? Wewe hujawahi kunijibu swali moja bila kulipitisha kichochoroni.

Reelika


Rannaniidi, 6 Desemba

Mjukuu wangu fundi wa kusahihisha,

Vile vitanzi saba ni alama ya nyumba. Ile ile iliyochongwa kwenye mpini wa reki, kwenye vyelezo vya nyavu, na kwenye ndoo uliyokuwa unakalia kuvulia samaki. Msalaba wenye mguu mmoja mfupi. Baba yangu aliichonga, na babu yake. Bibi yako alipoolewa hapa aliichukua akaiweka karibu na kidole gumba, ili jeneza likipita watu wajue ni la nani hata bila kuuliza. Watu elfu tatu mmetazama, mkaona ni uchafu, mkaupangusa. Nimecheka mpaka nimekohoa.

Sijamwambia. Na wewe usimwambie.

Sasa nikupe cha kuchekesha, maana barua bila kicheko ni ankara ya umeme. Nimeingia kwenye kundi lenu! Nilikwenda maktaba, nikamwambia Aune, "Nifungulie huo mlango." Akaniuliza nitaitwa nani. Nikamwambia andika "Bi Meeta wa Rannaniidi." Akanitazama. Nikamwambia, "Andika, binti, mimi ndiye mume wake, jina nimelipa."

Nilitaka tu kuwaona hao wezi. Kumbe si wezi. Ni wanawake wapole, hakuna mbaya kati yao, na wapole wanachosha zaidi kwa sababu huwezi kuwagombeza. Wananiita "mama yetu." Mmoja kaniuliza vipi Bi Meeta anapata weusi ulioiva namna ile. Mimi najua? Nikamjibu: sufu ichemshwe na kichwa cha samaki wa moshi, kisha izikwe thelujini usiku mmoja. Wamenipa vimoyo mia nne! Katika maisha yangu yote bibi yako amenipa kimoja, na nadhani alikosea mtu.

Siyo mchezo tu. Kuna mama wa Chile anaonyesha kufuma polepole sana kama anazungumza na mbuzi, nami nimejifunza kwake. Bibi yako hataki kumalizia, basi nitamalizia mimi. Kila mchana nasema nakwenda kupasua kuni, najifungia kwenye sauna, kile kijumba chetu cha kuogea mvuke, baridi kama kaburi maana siwezi kuwasha moto moshi ukaonekana, na nafuma. Kwa mchoro wako uliosahihishwa. Hakuna mwingine ulioandikwa. Wa kweli uko kichwani mwake, na kichwa kimenuna.

Kikohozi ni kikohozi.

Kaljo, mwenye vidole vilivyokufa ganzi


Tampere, 10 Januari

Babu,

Nimeandika barua hii mara tatu. Mbili nimezichana kwa sababu zilikuwa na matusi, na wewe ni babu yangu.

Tarehe mbili Desemba niliweka picha ya soksi nilizomfumia mzee mmoja hapa kazini. Nikaona kimoyo kimoja kimetoka kwa "Bi Meeta wa Rannaniidi." Chini yake: "Fuma mjukuu wangu, mikono yako mizuri." Unajua nilifanya nini? Nilikaa sakafuni jikoni nikalia. Nilisema, amenisamehe. Bibi kaenda mpaka maktaba na miguu yake ile, kwa ajili yangu. Siku nne nimetembea nikicheka peke yangu kwenye tramu. Siku ya tano nikasoma kundini habari ya kichwa cha samaki, nikajua ni wewe.

Kuna mwanamke wa Poland amezika sufu yake thelujini, Babu. Nyumba nzima inanuka. Anaomba ushauri wako.

Nimewaambia ukweli. Wote. Kwamba glavu zile ni za nini, kwamba jozi mbili hazijaisha, kwamba tumefuta alama ya nyumba ya watu. Sikusema ni wewe unayejibu, aibu ilinishinda. Wengine wamefumua walichofuma. Mmoja kasema sufu ni sufu, tuache ushirikina. Wengi wakaomba anwani, wanataka kusaidia. Nimewapa. Usinigombeze, sikujua namna ya kuwakatalia watu wanaolia.

Nami nafuma jozi moja. Nimeshafika kwenye mkono. Nichoree alama, vizuri, kitanzi kwa kitanzi, kwenye karatasi ya miraba. Ningekuja mwenyewe kuiona ila zamu hazipangiki.

Hapo nimedanganya. Zamu zinapangika. Naogopa macho yake.

Reelika


Rannaniidi, 12 Februari

Mjukuu wangu,

Ile ya kimoyo sikuijua. Niliona soksi nzuri nikasema. Maneno yalikuwa yangu, si yake. Nimekosa. Sina utani wa kuweka hapa.

Alama niliyokutumia Januari, ile niliyoichora nyuma ya kalenda, ndiyo yenyewe. Nimehesabu kwenye jozi zake nne, zote sawa.

Mwezi uliopita alinifuma, nisemeje, alinishika. Nilikuwa sauna, mlango ukafunguliwa, kasimama na fimbo kavaa koti langu. Kutoka nyumbani mpaka pale ni hatua arobaini, na alikuwa amepumzika mara tatu, niliona alama za fimbo kwenye theluji.

"Kumbe hizi ndizo kuni," akasema.

"Nazipasua polepole."

"Lete."

Nikampa. Akaigeuza, akaingiza mkono ndani, kidole gumba kikatokea pasipo na tundu. "Hii nini, Kaljo? Chuchu ya ng'ombe?" Akacheka! Mara ya kwanza tangu Novemba. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi. Kisha akakaa kwenye benchi la sauna, akaanza kufumua. Kila kitanzi. Nikasema, "Mama, hiyo ni kazi ya wiki saba." Akasema, "Haina jina. Hii ya nani? Hii ya mtu yeyote."

Kumbe alijua habari ya alama. Aune alimwambia zamani.

Nikamwambia mtoto hakujua. Nikamwambia unafuma jozi moja, yenye alama. Halafu akanipa sindano mkononi, akaweka vidole vyake juu ya vidole vyangu na akasema, "Anza upya. Usinivutie uzi kama unavuta nanga." Tangu siku hiyo nafumia ndani, karibu na jiko, na napigwa kwenzi kihalali.

Mwenyewe hawezi tena. Mikono inatetemeka. Anasema tu: nyeusi, nyeusi, nyeupe, punda wewe, nyeupe.

Mizigo ya wale wanawake wako ilifika. Vilma wa posta kaja nayo kwa sleji ya kuburuta thelujini, kakasirika, kasema kama tunafungua duka tumwambie. Jozi arobaini na moja. Ureno, Chile, Poland, ile ya Poland tumeiweka nje kwa sababu ya harufu. Tukazipanga juu ya kitanda. Nzuri! Zimenyooka kuliko zake. Na hata moja haina alama, maana wamefuma ule mchoro wako safi kabla hujawaambia. Bibi yako alizitazama muda mrefu. Akasema, "Watu wema." Akasema ziwekwe pembeni, zikagawiwe shuleni baada ya siku yake, si kabla.

Sasa ile ya kichochoroni. Si kikohozi. Ni mapafu, na daktari wa ng'ambo alisema tangu Septemba. Nilikudanganya kwa sababu alinikataza, na kwa sababu nilipokuwa nakudanganya nilikuwa najidanganya na mimi kidogo, ilikuwa inasaidia. Njoo. Njoo bahari ingali imeganda, barafu inabeba gari. Ikianza kuoza hakuna gari wala feri mpaka ipasuke, unajua mwenyewe. Na hiyo jozi usiitie posta, ije na wewe.

Kaljo


Bandarini, ng'ambo, 19 Machi

Babu,

Barua yako ya Februari ilichelewa njiani, ikanikuta wiki iliyopita, nimeshaipeleka jozi posta siku moja kabla. Nikasema si kitu, itatangulia. Nikaomba likizo ya tarehe ishirini na nane, kwa sababu msimamizi alisema hiyo ndiyo ya mapema, na mimi sikupiga meza. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilisema nitakuwa na wiki mbili za kuwaza nitakalomwambia mlangoni.

Aune aliponipigia Jumapili kwamba Bibi hayupo tena, nilitoka na nguo za kazi. Nimefika hapa Jumatatu mchana. Barabara ya barafu wameifunga Jumamosi. Barafu imekuwa ya kijivu, ina madimbwi juu. Feri haiwezi kuivunja, gari haliwezi kukanyaga. Helikopta ni ya wagonjwa, si ya waombolezaji, mwenye zamu kaniambia kwa upole kabisa, kama wewe unavyosema, hata huwezi kumgombeza.

Naona kisiwa. Naona mnara wa kanisa. Hapa nilipokaa kuna chumba kidogo cha posta, na kwenye rafu kuna gunia la Rannaniidi, halijavuka tangu tarehe kumi na nne. Jozi yangu imo humo. Nimemwomba mama wa posta anionyeshe tu. Kakataa, sheria. Halafu kafungua kanionyesha. Alama iko sawa, Babu. Nilihesabu tena. Saba.

Mnazika kesho saa tano. Nitasimama ufukweni saa tano.

Barua hii nayo naitia kwenye gunia hilo hilo. Itafika siku ambayo ningefika mimi. Keshokutwa lazima nirudi kazini.

Niambie alisema nini.

Reelika


Rannaniidi, 14 Aprili

Reelika mjukuu wangu,

Barafu ilipasuka tarehe ishirini na tisa, na gunia likavuka. Vilma kaniletea barua na jozi pamoja. Nimezilaza mezani, moja huku moja kule, nikazitazama. Umefuma vizuri. Umekaza kidogo kwenye mkono, kama yeye alivyokuwa anakaza akiwa na hasira.

Umeuliza alisema nini. Ningeweza kukutungia kitu kizuri, unajua naweza. Hakusema kitu juu yako siku ile ya mwisho. Alisema chumba kina joto sana, akasema paka atolewe. Wiki moja kabla, nilipomaliza jozi yangu, aliuliza, "Ya mtoto imefika?" Nikasema bado. Akasema, "Atakuwa amekaza." Basi. Hayo ndiyo yote niliyonayo, nayo ni ya kweli.

Jozi yangu aliikagua. Gumba la kushoto limekaa kama pua iliyovunjika. "Mpe Oskar," akasema, "yule hana aibu, atavaa chochote." Alama ilikuwepo. Imelala upande lakini ipo.

Kwa hiyo siku ya kumtoa zilikuwa tano. Nne zake, moja yangu. Wachukuzi sita mlangoni, na mmoja, mwana wa Salme, kasimama na mikono mifukoni. Aune akaja na kapu la zile arobaini na moja, analia, anasema, "Mzee Kaljo, chukua moja, ni nzuri, zimefumwa kwa upendo, nani ataona?" Ni kweli, zilifumwa kwa upendo. Nikazishika. Ya Ureno ilikuwa laini kama sikio la mwanakondoo. Nikakumbuka alivyosema, si kabla ya siku yake kwisha. Nikazirudisha kapuni.

Nikamwambia mwana wa Salme asogee.

Mchungaji akasema mume habebi, haijawahi kuonekana. Nikamwambia mchungaji mengi hayajawahi kuonekana, hata yeye kufika kwa wakati. Nikaingia pembe ya nyuma kushoto. Mikono mitupu. Mbao zilikuwa baridi, zinashika ngozi. Oskar alinong'ona, "Mzee, utaanguka." Nikamwambia, "Nikianguka mnitie humo humo, mtaokoa safari." Sikuanguka. Wanawake wa kijiji walitazama mikono yangu njia nzima, na nikawaacha watazame. Aibu ilikuwa ya nyumba yangu, nimeibeba mimi mwenyewe.

Wazee wanasema mchukuzi aliyekwenda mikono mitupu, marehemu humrudia kumwomba joto. Sasa ni wiki ya nne. Mlango sitii komeo. Hajaja. Najua atakuwa ananuna, lakini wiki nne ni nyingi hata kwake.

Saa tano ile nilikukumbuka. Kutoka makaburini ng'ambo haionekani, kuna misonobari.

Jozi yako nimeiweka kwenye kasha. Itakuwa ya mchukuzi wangu. Mmoja atosha, wengine watano na wapate baridi, sikuwahi kuwapenda.

Bado kitu kimoja. Wewe una deni langu tangu ukiwa na miaka tisa, siku ulipomfungulia kondoo dume akala mashuka matatu ya bibi yako kwenye kamba, nami nikasema ni mimi niliyesahau lango. Nililala ghalani siku mbili kwa ajili yako na sijawahi kudai. Leo nadai. Kule kwenye kundi lenu kuna mama wa Lithuania, kamwandikia Bi Meeta Jumatatu. Anauliza ukifika kwenye gumba na mikono imeanza kutetemeka, unashikaje vitanzi visidondoke. Nimekaa mbele ya kioo cha maktaba mpaka Aune akavaa koti. Najua uongo kumi wa kumjibu, na sitaki. Wewe unajua. Mjibu wewe, kwa jina lako.

Kaljo